Ndizi Zinazovundikwa kwa Mwanga

Kisii Mjini,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Farhiya,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, umekula, na umevaa soksi, maana baba yako ameniambia huko baridi imeshaanza. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillah. Mvua ya saa tisa haikosi hata siku moja. Goti la baba yako bado linamsumbua, lakini msikitini anakwenda, na akirudi anatulalamikia sisi kana kwamba ndio tuliojenga zile ngazi. Persis wa Nyamira, yule anayeniletea ndizi, amepata mjukuu, na tangu hapo hana habari nyingine. Anakusalimu sana na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Najua utashangaa, karatasi siku hizi za simu? Simu yangu ni ya umma, mwanangu. Shueib ndiye huishika, ndiye hunisomea ujumbe, na maneno haya si ya Shueib. Nawe ukijibu, jibu kwa mkono. Kalamu nyeusi, herufi kubwa, si huo mwandiko wako wa kuku aliyekanyaga matope.

Haya, neno lenyewe. Shueib anataka stoo. Stoo ya marehemu baba yake, pale soko la Daraja Mbili, ambayo nimevundikia ndizi tangu wewe unanyonya. Anasema anataka kuijaza mitumba. Angesema hivyo tu ningemfukuza na mwiko, lakini ana sababu. Mwezi wa nane nilipeleka mzigo kwenye hoteli moja, kumbe chane nyingine mbichi, nyingine zimeshakuwa nyeusi. Wakanirudishia zote mbele za watu. Aibu hiyo, Farhiya, sijawahi kuiona! Mwanangu wa kumzaa akaita kikao cha ukoo. Na baba yako, kaka yangu wa tumbo moja, akaamua hivi: niachiwe mpaka Idi. Mzigo mwingine ukiharibika kabla ya hapo, funguo apewe Shueib.

Na Ramadhani ndiyo hiyo inakuja. Unajua msikiti huchukua ndizi za futari kwangu kila mwaka, mwezi mzima, kila siku mbivu za siku hiyo. Hapo ndipo nitasimama au nitaanguka.

Wewe unasomea mambo ya hewa na chembe. Je, hakuna kitu cha kuivisha ndizi zote sawasawa, siku ninayotaka mimi, bila kuchungulia chungulia kila saa? Usinitajie kabaidi. Wako hapa sokoni wanaotumia yale mawe ya mafundi wa kuchomelea, na ndizi zao zinawasha ulimi. Mimi sitamfuturisha mtu kwa sumu. Nijibu upesi, roho yangu haitulii.

Ni mimi shangazi yako,
Kaltuma


Bremen,
27 Oktoba 2024

Shangazi mpenzi,

Waalaikumu salaam. Soksi nimevaa, tena jozi mbili. Nakula. Bado naishi na Celestine, yule nesi wa kwao Nyamira, na Jumapili tunasonga ugali wa unga tunaoutafuta mji mzima. Mwambie Persis nitaolewa siku atakayoacha kuuliza. Baba nimempigia, ameniambia goti limepona. Sasa nimwamini nani?

Barua yako imenirusha kitini. Nimetembea kwenye ukumbi wa maabara mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Unajua ninachofanya huku? Sijawahi kukueleza vizuri, kwa sababu ukianza kunisikiliza huwa unalala. Usilale sasa.

Tunatengeneza unga. Ukiutazama ni unga tu, mweupe kama maziwa. Lakini kila chembe yake ni fuwele, imejengeka kwa mpangilio kama chembe ya chumvi, na ndani imejaa matundu madogo mno, safu kwa safu, kama vyumba vya kupanga kule Nyanchwa. Kila chumba kina mlango, na mlango unajua mwanga. Gizani unafungwa. Mwanga wa jua ukiupiga, unajikunja na chumba kinafunguka. Mpaka leo tumekuwa tukifungia humo hewa za majaribio, za kuandika kwenye majarida. Nilipomaliza barua yako nilimwendea mwalimu wangu nikamwambia: tufungie ethilini, ile hewa ambayo ndizi mbivu huitoa ikaivisha na jirani yake. Alicheka. Kisha akaacha kucheka akaniomba niketi.

Celestine anakuja nyumbani mwezi ujao, atakuletea. Ni mifuko mitatu midogo inayoonyesha ndani. Nimeifunga kwa uzi: mmoja fundo moja, wa pili mafundo mawili, wa tatu mafundo matatu. Usiifungue, hewa inapenya yenyewe. Weka kila mfuko kwenye rundo lake la ndizi, rundo mbali na rundo, kisha niandikie mambo mawili tu. Kwanza ndizi zimeivaje. Pili, rangi ya unga. Milango ikifunguka unga huacha weupe ukawa buluu, buluu ya wino. Rangi ndiyo mwalimu anaitaka zaidi, maana ndiyo shahidi kwamba milango imefunguka. Nimemwahidi kwa jina langu kwamba mtazamaji wetu wa Kisii hakosei.

Ukifanya kazi, nitatuma wa Ramadhani yote. Stoo haiendi kokote, Shangazi.

Mwanao,
Farhiya


Kisii Mjini,
8 Desemba 2024

Farhiya mwanangu,

Salamu nyingi. Celestine amefika na kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Msichana mzuri, ila amekonda, na wewe bila shaka umekonda. Baba yako amenunua fimbo ya kutembelea kisha akaificha chini ya kitanda, eti mpaka azeeke.

Unga wako umelala, mama. Haukufanya lolote. Na si kwamba mimi nilizembea. Nilipanga marundo matatu, nikaweka kila mfuko katikati, nikafunika kwa majani makavu ya mgomba, nikaongeza magunia, nikafunga mlango, nikaziba hata ule ufa wa juu ambao paka hupitia. Nilivundika kama alivyonifundisha mama mkwe. Siku ya nne nikafunua. Mawe matupu! Persis alicheka mpaka akaketi chini, akasema Wazungu wamekuuzia poda ya watoto.

Shueib alipita. Alisimama mlangoni akayatazama yale marundo. Kutazama kwake ndiko kunakonichoma.

Kama una unga mwingine wenye akili, tuma. Kama huna, niambie mapema nijue nashika wapi.

Shangazi yako,
Kaltuma


Bremen,
29 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Nimecheka, nisamehe, nimecheka mpaka nikatokwa na machozi, kisha nikajipiga kibao. Kosa ni langu. Nilikuambia mlango unafunguka kwa mwanga, halafu nikasahau naongea na watu ambao ndizi zao huivia gizani tangu enzi za mababu. Umeufunika unga kwa majani na magunia! Shangazi, ulikuwa umeufungia jela.

Huu unataka kinyume. Ndizi zikae, mfuko ukae, na jua liingie. Tafuta fundi atoe bati moja la paa, aweke lile la plastiki linalopitisha mwanga. Panga marundo chini yake, usifunike hata kwa leso. Mifuko ni ile ile, haijaharibika, milango ilikuwa imefungwa tu. Na tafadhali, rangi. Usinisahaulie rangi.

Huku jua linachelewa kuamka na linawahi kulala, na katikati ni mawingu. Nafanya kazi ya mwanga katika nchi isiyo na mwanga, kichekesho gani hiki. Usingizi umenikimbia, nawaza paa lako. Celestine amerudi, anasema umezidi kuwa mkali, nikamwambia hapo shangazi ni mzima.

Jambo moja. Barua yako ilikuwa karatasi tano, na kila ukurasa mistari michache yenye herufi kama za ubao wa duka. Unanifokea?

Mwanao,
Farhiya


Kisii Mjini,
26 Januari 2025

Mwanangu,

Alhamdulillah, alhamdulillah! Habari za watu utazipata mwishoni, wacha nianze na hii maana inanitekenya.

Nilimpata fundi Osoro, akang'oa bati, akaweka lile la plastiki. Soko zima lilikuja kutazama. Ati Kaltuma anaanika ndizi kama mahindi! Wakaniuliza kama nitaziosha na Omo pia. Nikapanga marundo yangu chini ya mwanga, nikaweka mifuko.

Siku ya tatu niliingia alfajiri, na kabla sijafika katikati harufu ikanipokea. Fundo moja, laini, ngozi inateleza chini ya kidole. Mafundo matatu, vile vile, chane zote, hakuna hata moja iliyobaki nyuma. Ila lile rundo la mafundo mawili limekataa. Ndizi ngumu kama mti. Nimezibonyeza mpaka kidole kikauma. Nadhani Persis alizikata mapema, ingawa yeye anaapa kwa Biblia yake kwamba sivyo.

Rangi uliyoniuliza: mifuko yote mitatu imekuwa buluu. Buluu ya wino, kama ulivyosema.

Haya, tuma huo unga mwingine, Ramadhani iko mlangoni. Shueib alikuja akala ndizi mbili, akafuta mikono, akaondoka. Nimefurahi kama mtoto. Baba yako mzima, fimbo imetoka chini ya kitanda. Wengine wote wazima.

Shangazi yako,
Kaltuma

Ninaandika herufi kubwa kwa sababu kalamu ni nene. Acha maswali ya kipolisi.


Bremen,
14 Februari 2025

Shangazi,

Salaam. Natumaini nyote wazima.

Mfuko wa mafundo mawili haukuwa na unga wetu. Ulikuwa na chokaa. Katika majaribio yote ya huku, mmoja huwekwa bubu, na mtazamaji haambiwi, ili ijulikane anaona au anakisia. Nilikatazwa kukuambia. Chokaa haiwi buluu, Shangazi, hata ukiianika juani mwaka mzima.

Nilimpa mwalimu barua yako niliyomtafsiria, nikiwa natabasamu kama mjinga. Alisoma mpaka mwisho. Akaisukuma upande wa pili wa meza akaniuliza kama huyu mtu yupo kweli, au ni mimi niliyekaa chumbani nikamwandika. Mbele ya wenzangu.

Kwa nini? Kama hukutazama, ungesema hukutazama. Kama ulisahau, ungesema ulisahau. Ni wewe uliyenifundisha kwamba ndizi mbovu haifichwi chini ya nzuri. Uliniandikia kile nilichotaka kusikia, na nimekipokea, na kimenigharimu. Unga wa Ramadhani hautatumwa. Si mimi niliyeamua, lakini hautatumwa.

Nina hasira, na nina huzuni, na sijui kipi nikitangulize.

Farhiya


Bremen,
23 Februari 2025

Shangazi mpenzi,

Sijapata jibu lako, na najua halijapata hata muda wa kufika, lakini siwezi kukaa. Nimepanga barua zako zote kitandani na nimezisoma nimesimama.

Ndizi ulizisema kweli. Rundo la chokaa ulisema gumu, na ndivyo lilivyopaswa kuwa. Kila ulichokishika kwa kidole ni kweli. Kila ulichonusa ni kweli. Rangi tu ndiyo si kweli, na rangi hiyo ni maneno yangu mimi, buluu ya wino, umenirudishia kama yalivyo.

Halafu nikaona mengine. Shueib anakusomea simu. Unataka kalamu nyeusi na herufi kubwa. Unaandika karatasi tano kwa maneno ya karatasi moja. Mzigo wa hoteli, mbichi na nyeusi pamoja. Na tangu barua ya kwanza uliniomba ndizi zinazoiva bila kuchunguliwa.

Nilimuuliza Celestine bila kutaja jina. Alisema mtoto wa jicho huanza kwa kula rangi, na buluu huwa miongoni mwa za kwanza. Mtu huona kila kitu kama kimemwagiwa chai, halafu ukungu. Anasema hutolewa kwa upasuaji mfupi, mtu anakwenda asubuhi na jioni yuko kwake.

Shangazi, unaona?

Nisamehe kwa ile barua nyingine. Ningeweza kukimbia nikaitoa mikononi mwa posta ningefanya hivyo. Sijamwambia baba. Sitamwambia mtu. Nenda kliniki ya macho, nakuomba, nakuomba tena. Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Farhiya


Kisii Mjini,
10 Machi 2025

Farhiya,

Ramadhani karimu. Sisi wazima. Wewe sikuulizi, mikono inayoandika barua kama ile ni mikono yenye nguvu.

Kumbe nimezeeka mpaka nafanyiwa mtihani na mtoto niliyemwogesha! Haya, tuulizane. Mwongo ni nani, aliyesema buluu, au aliyenitumia chokaa akaiita dawa? Mimi nilikuomba msaada. Nilikuomba kitu cha kunisimamisha mbele ya watu wanaosubiri nianguke. Wewe ukaniletea mtego, ukaufunga kwa uzi, mafundo mawili. Mwambie mwalimu wako nipo. Mwambie nipo tangu kabla hajajua ndizi ni nini, na neno langu si la kusukumwa upande wa pili wa meza.

Unga wenu kaeni nao. Nimerudi kwenye majani na magunia. Persis anakuja kila alfajiri tunachagua pamoja, chane kwa chane, na kila siku kikapu cha msikiti kimetoka safi.

Persis haji Jumamosi. Ni Sabato yake.

Juzi ilikuwa Jumamosi. Sisemi zaidi kuhusu juzi.

Kaltuma

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Barua yako ya pili imeletwa sasa hivi. Nimeisoma dirishani. Sitaijibu.


Bremen,
27 Machi 2025

Shangazi,

Idi njema kabla ya Idi. Sikuulizi tena lile swali.

Nilimpigia baba, akaniambia habari za ile Jumamosi kwa ufupi, kisha akageuza mazungumzo akaniuliza hali ya hewa. Kwamba adhana ilipolia watu wakamenya ndizi mbichi, utomvu ukagandia midomoni. Kwamba Shueib alizibeba zote akazirudisha stooni kwako. Kwamba kikao ni baada ya Idi.

Nililia. Si kwa ajili ya ndizi. Nilikuona umesimama peke yako stooni alfajiri ile, unapapasa.

Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini nenda kliniki. Stoo ni kuta nne. Kuhusu kazi yangu usiniulize, tuyaache hayo, ninaendelea vizuri. Nitaandika tena hata usipojibu.

Farhiya wako


Kisii Mjini,
4 Mei 2025

Farhiya, mwanangu, moyo wangu,

Assalamu alaikum warahmatullah. Baba yako anakusalimu, Persis anakusalimu, mjukuu wake ametoa meno mawili na ameniuma kidole. Mvua ni nyingi mno, barabara ya kwenda Nyamira imekuwa uji. Tazama mwandiko wangu. Umeona ulivyo mdogo? Nimetumia karatasi mbili tu.

Nitakueleza kwa mpangilio, usinikatize.

Kikao kilikuwa siku ya tatu baada ya Idi, nyumbani kwa baba yako. Shueib alikuwa amevaa kanzu mpya kama bwana harusi. Nilikuwa nimepanga kusema Persis ndiye aliyekosea, kisha niseme ni mvua, kisha niseme ni jicho la watu. Nilikuwa na uongo wa kutosha kikao kizima. Baba yako aliponiambia, haya dada sema, nikasikia mdomo wangu unasema, sioni. Tangu mwaka juzi sioni vizuri, na mwaka huu sioni kabisa rangi. Baba yako akaanza kukohoa. Nikaongeza, ndizi nachagua kwa vidole, na vidole havijui kijani.

Uliniuliza kwa nini nilificha. Sasa nakujibu. Nilijua siku nitakayosema, nitakalishwa kitini. Nitaletewa chai yenye sukari nisiyoitaka, niulizwe kwa sauti kubwa kama nimelala vizuri, kana kwamba masikio pia yamekufa. Nimewaona wanawake wa namna hiyo. Nilikuwa tayari kudanganya dunia nzima nisiwe mmoja wao, na nilianza na wewe. Hilo limeniuma kuliko upasuaji.

Shueib alinyoosha mkono. Unajua alichotaka. Nikafungua fundo la leso yangu nikampa funguo. Nilitaraji atazitia mfukoni aondoke, lakini asubuhi alikuja kunichukua tukaenda kliniki. Akanishika mkono njia nzima kwa mkono mmoja, na funguo zangu zikilia kwenye mkono wa pili. Nilimpenda na nilitaka kumpiga.

Niliogopa, usidanganywe. Kuna jirani yetu aliyefunguliwa bandeji akabaki vile vile. Nilisoma kila sura niliyoihifadhi, nyingine mara mbili. Upasuaji haukuchukua muda. Kesho yake daktari akaondoa kitambaa akaniuliza, mama unaona nini? Nikamwambia, naona kwamba huna usingizi wa kutosha. Akacheka. Nje lango lilikuwa limepakwa buluu, buluu ya kweli, Farhiya, ilinijia usoni nikalia mbele ya askari wa getini mpaka akanitafutia kiti. Jicho la pili ni mwezi wa saba.

Nikasema, nipelekwe Daraja Mbili. Shueib akasema upumzike kwanza, Mama. Nikasema, nipeleke. Alinipeleka. Nilikuta stoo imejaa makoti. Makoti ya Wazungu, meusi, ya kijivu, yananing'inia mpaka kwenye lile bati langu la mwanga. Nimepewa jicho, na nilichokiona ni hicho. Nilisimama mlangoni nikamwambia maneno ambayo siyaandiki, maana nilishayaombea msamaha. Hakurudisha hata moja. Alisema tu, ulinipa funguo, Mama. Na kweli nilimpa.

Ile mifuko yako nimeichukua kabla haijazikwa chini ya masuruali. Nimeitundika dirishani kwangu. Asubuhi jua likiingia, wa fundo moja na wa mafundo matatu inakuwa buluu taratibu, kama nguo iliyotiwa maji ya rangi. Usiku ikikaa gizani inarudi nyeupe. Imefanya hivyo kila siku, sijaona siku iliyokataa. Wa mafundo mawili ni mweupe asubuhi, mweupe jioni, mweupe siku zote. Nimetazama mwenyewe, kwa jicho hili. Ukitaka mpelekee mwalimu wako, na kama anataka kuniwekea mtego mwingine auweke, sasa niko tayari.

Maana baba yako ameniambia. Umetolewa kwenye kazi ya ule unga, unamwoshea mtu mwingine vyombo vyake vya maabara, na wewe ukaniandikia unaendelea vizuri. Loo, damu yetu ni moja kweli! Nimelia kwa ajili hiyo pia, kwa macho yote mawili, lile zima na lile bovu. Ni mimi niliyekuangusha. Usiniambie siyo. Rudi kwa huyo mtu, usimame mbele ya meza yake, umsomee niliyoyaona. Akikusukumia karatasi, msukumie tena. Wewe ni mtoto wa soko.

Stoo sijaipata, wala sitaipata. Nilikwenda nikaomba nafasi nje, kwenye safu ya akina mama wa mboga, chini kabisa, hakuna paa, nimetandika magunia. Siku ya kwanza niliona haya mpaka nikajifunika mtandio usoni. Siku ya pili nikaufunua. Persis ananiletea mikungu michache, navundika uani kwangu, nauza pale. Jua likitoka linanichoma, mvua ikija tunakimbia sote. Silali vizuri bado, naamka usiku nikidhani nimechelewa kufungua mlango. Lakini mwenye hoteli mmoja ameshapita mara mbili, akitazama, bado hajanunua.

Jana Shueib alitoka kwenye makoti yake akaja mpaka kwenye gunia langu. Alikuwa anataka ndizi za nyumbani kwake. Hakunitazama usoni, aliinama akaanza kugeuza chane moja moja, anatafuta iliyoiva. Nikamwambia atoe mkono. Nikamchagulia mimi.

Shangazi yako,
Kaltuma